NENO LA ALIYEKUFA LISIWE YATIMA

Katika mambo yanayowapita watu wetu hali wako macho, hapana linalopita kimya kimya kama wosia. Mtu hujenga nyumba, hupanda miti, huweka akiba, huoza wanawe, na ikifika siku yake hufumba macho bila ya kuacha hata mstari mmoja wa kueleza nini kifanywe kwa alivyoviacha. Ukimkumbusha mapema hukwambia kuwa unamtakia kifo. Basi arubaini haijesha watu wameshakamatana mashati, na mjane na mayatima wamekaa ukumbini wakitazama vyombo vikitolewa nje. Na kama marehemu alikuwa na nia ya kuiachia kitu zahanati, au chuo, au mayatima wa mtaani kwake, nia ile huzikwa pamoja naye.

Leo tunataka kuwazungumzia wanachama wetu juu ya nia hizo zinazozikwa. Mfano wetu hatuuchukui Unguja wala Pemba. Tunauchukua mbali, Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria. Wapo watakaouliza, gazeti la chama cha visiwani linatafuta nini katika migomba ya Wahaya? Jibu letu ni hili: mwenye busara hunyolewa kwa kutazama kichwa cha jirani. Yaliyowafika watu wa Kagera katika miaka arubaini iliyopita yamekusanya mahali pamoja kila swali ambalo sisi nasi tutaulizwa: nani wa kuwalea walioachwa, nani mwenye haki ya kutoa, na nani wa kuilinda sadaka ikishatolewa.

Tuanze na msiba wenyewe. Mwaka 1983 ndipo wagonjwa wa mwanzo wa ukimwi katika Tanzania walipojulikana, nao walikuwa watu wa mkoa wa Kagera. Ulipofanywa uchunguzi mwaka 1987, ilionekana kuwa katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi vya maradhi hayo. Maana ya hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa kuieleza. Kizazi cha katikati kilipukutika. Waliobaki ni vikongwe na watoto. Bibi aliyetaraji kulelewa na mwanawe alimzika mwanawe, akaanza upya, mkono wake ukitetemeka, kuwalea wajukuu.

Katika mji mdogo wa Nshamba, wilayani Muleba, zilizuka jumuiya za kuwaangalia watu hao. Moja ni Humuliza, jina la Kihaya lenye maana ya kufariji, iliyoshughulika na mayatima na majonzi yao. Nyingine ni Kwa Wazee, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo kazi yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: kumpa mzee fedha kidogo kila mwezi, mkononi mwake, azitumie aonavyo, na kumzidishia kidogo ikiwa ana wajukuu anaowalea. Ripoti iliyotolewa mwaka 2008 juu ya kazi hiyo ilipewa jina la chumvi, sabuni na viatu vya skuli, kwani hivyo ndivyo vitu ambavyo fedha hizo ziliviingiza nyumbani. Hapana aliyenunua anasa. Waliotiliwa shaka kuwa watazichezea fedha waliwanunulia wajukuu viatu.

Lakini tuulize swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: fedha hizo zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka Ulaya, Uswisi khasa. Na katika nchi za Ulaya, jumuiya za kheri hazitegemei kibakuli cha msikitini na sahani ya kanisani peke yake. Ni desturi iliyozoeleka huko mtu akiwa mzima kwenda kwa mwanasheria na kuandika kuwa atakapokufa, sehemu fulani ya mali yake ipewe hospitali, au jumuiya ya vipofu, au mayatima wa nchi ambayo pengine hakuikanyaga. Watoto wake hupata chao, na maskini nao hupata chao. Wasimamizi wa jumuiya huweza kupanga kazi za miaka ijayo kwa kuwa wanajua kuwa sadaka za namna hiyo huja, mwaka hata mwaka.

Hatusemi haya kwa kuwasifu Wazungu. Tunasema kwa kuwa aibu ni yetu. Mtu asiyewahi kuonja senene wala ndizi ya Bukoba anamfikiria bibi wa Muleba wakati wa kuandika wosia wake, na sisi tunaosema lugha moja na bibi yule hatumfikirii. Na mlezi wa mbali ana hatari yake. Siku serikali yake ikibadili siasa, au jumuiya yake ikihamisha jicho kwa msiba mpya wa nchi nyengine, fedha hukatika, na bibi hurudi kwenye chumvi ya kukopa. Mfereji ambao koki yake iko kwa jirani si mfereji wako.

Sasa kwa nini mtu wa Bukoba mwenyewe, mwenye kahawa yake na nyumba yake, haachi sehemu kwa mayatima wa kijiji chake? Si kwa ubakhili. Wahaya wanajulikana kwa kuchangiana, wakati wa msiba na wakati wa kujenga skuli. Zipo sababu tatu, na kila moja inatuhusu.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Katika mila ya Kihaya kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ni zaidi ya mali. Ndimo wanamozikwa wazee. Kwa hiyo shamba la ukoo huhesabiwa kuwa ni la waliokufa, walio hai na watakaozaliwa, na aliyelishika leo ni kama mlinzi wa zamu. Mila hizo ziliandikwa na wakoloni katika kitabu cha mwaka 1945, na baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ikatangaza sheria za mila za urithi na wosia kwa Tangazo Namba 436 la mwaka 1963. Tangazo hilo lilisema kuwa mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake, lakini hana ruhusa ya kuliuza, ila ikiwa katika ukoo ule hapana mwanamume aliyebaki.

Hapo ndipo palipotokea shauri ambalo kila mwanachama wetu, mwanamume na mwanamke, inampasa kulijua. Bibi mmoja wa wilaya ya Muleba aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia uliokuwa halali. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, aliliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiyekuwa wa ukoo wake. Kesho yake tu, mwana wa nduguye akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka uuzaji ule ubatilishwe, kwa hoja kuwa muuzaji ni mwanamke. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikapindua hukumu. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwezi wa Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akakata neno: madhali Katiba imekwisha kuandika haki za binaadamu, na imekataza ubaguzi katika kifungu chake cha 13, mila inayomnyima mwanamke haki aliyonayo mwanamume haiwezi kusimama. Bibi akashinda.

Tuitazame vyema hukumu hii. Watu huisimulia kama hukumu ya kuuza shamba, na ni kweli. Lakini mzizi wake ni wosia. Baba aliandika neno lake, akamwamini binti yake, na neno lile ndilo lililompa binti mahali pa kusimama mbele ya mahakama tatu. Lau baba angelinyamaza, bibi yule asingekuwa na shamba la kuuza wala shauri la kushinda. Mwaka 1999 sheria mpya za ardhi za Tanganyika zikaandika wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Juu ya hayo, lile Tangazo la 1963 halikufutwa. Wajane wawili waliolipinga Mahakama Kuu waliambiwa mwaka 2006 kuwa kweli lina ubaguzi, lakini mahakama haikulifuta. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kuwa serikali imevunja ahadi zake. Kwa hiyo mwanamke anayetaka kuitoa mali yake kwa kheri hukutana kwanza na watu wanaomwuliza kama mali hiyo ni yake.

Sababu ya pili ni kutojua namna ya kuandika. Wapo wanaodhani wosia ni jambo la matajiri na mawakili. Sheria za mila za 1963 zinamtambua hata asiyejua kusoma. Mwenye kujua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo wake na mmoja mtu baki. Asiyejua huhitaji mashahidi wanne wa namna hiyo, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Hekima ya sharti hilo iko wazi: ndugu ashuhudie ili ukoo usije ukasema umefichwa, na mtu baki ashuhudie ili ukoo usije ukala njama. Sheria hizo pia zinasema kuwa wosia wa maandishi haufutwi na maneno ya mdomo. Na Tanganyika uko Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ujulikanao kwa jina la RITA, uliokabidhiwa kazi ya kuhifadhi wosia na kusajili wadhamini. Aliye mbali na mji aweza kuukabidhi wosia wake kwa mtu mwaminifu au kwa taasisi ya dini yake, maadamu wawepo wanaojua uko wapi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni imani. Mtu hatoi mali yake asipomwamini mpokeaji. Na hapa hatuna budi kutaja yaliyotokea baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016. Siku ile ardhi ilitikisika Bukoba, watu wasiopungua 17 wakafa, nyumba nyingi zikaanguka, na skuli kongwe za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Watu wa kila upande wakachanga, tajiri na maskini. Mwezi haujesha, maofisa wawili wakubwa wa Serikali katika mkoa wakaondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti nyengine ya benki yenye jina lile lile la akaunti ya maafa. Tuhuma si hukumu, nasi hatumhukumu mtu. Lakini khabari hiyo peke yake iliingia nyoyoni mwa waliochanga kama mwiba. Kisha Januari 2017, Rais wa wakati ule, John Magufuli, akawaambia watu wa Bukoba kuwa Serikali haitamjengea kila mmoja nyumba yake, na fedha za michango zikaelekezwa kwenye majengo ya umma.

Skuli ni skuli, na hospitali ni hospitali. Hapana mwenye akili atakayeona vibaya kuzijenga. Swali letu ni jengine: aliyetoa alikusudia nini? Kama alikusudia bati la bibi aliyelala nje, na fedha zake zikafanya jengo la Serikali ambalo kodi ndiyo iliyopasa kulijenga, basi nia yake imegeuzwa bila ya yeye kuulizwa. Aliye hai aweza kulalamika, na mara ya pili akafunga mkoba wake. Aliyekufa hawezi. Ndiyo maana sadaka ya wosia inataka ulinzi mkubwa zaidi kuliko sadaka nyengine yoyote. Mwenyewe hayupo tena kuitetea, na kila mwenye mkono mrefu analijua hilo.

Ndugu wanachama, haya ya Bukoba yasomeni mkiwa mnaangalia dari za nyumba zenu. Sisi wa visiwani hatukufundishwa na mtu kuacha mali kwa kheri. Wazee wetu, wanaume kwa wanawake, waliweka wakfu nyumba, mashamba ya minazi na mikarafuu, visima na misikiti. Wako walioweka wakfu kwa dhuria wao, na wako walioweka kwa maskini, kwa wanafunzi na kwa kuwasomea maiti wao. Tangu mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilianza kuziingiza mali hizo chini ya kamisheni yake, na mkono wa serikali haukutoka tena. Sheria ya mwaka 2007 iliiweka upya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sisi hatupingi kuwapo kwa mwangalizi. Tunachotaka ni mwangalizi anayeangaliwa. Kila nyumba ya wakfu iandikwe hadharani: nani aliyeiweka, kwa ajili ya nani, inapangishwa kwa kodi gani, na kodi hiyo imekwenda wapi. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila khabari. Na mali ya wakfu ikipotea, aliyeibiwa yumo kaburini.

Basi tufanye nini? Chama kisichokuwa madarakani hakina hazina wala polisi, lakini kina matawi, na kila tawi lina watu wanaojua kuandika. Tunapendekeza haya.

Kwanza, kila tawi liwasaidie wanachama wake kuandika wosia, bila ya malipo na bila ya kuuliza kilichomo. Kwa Waislamu sheria iko wazi: sadaka ya wosia isizidi theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila warithi wenziwe wakiridhia. Theluthi ni mpaka wa juu. Mwenye watoto wadogo na mali haba, na aache kidogo kuliko hapo. Kumlisha yatima wa mtu kwa kumtia njaa yatima wako si kheri. Wasiokuwa Waislamu wafuate sheria zao, nao wakumbuke kuwa fedha, nyumba aliyoijenga mtu kwa jasho lake, au mavuno ya msimu, ni rahisi zaidi kutoa kuliko shamba la ukoo lenye makaburi ya wazee.

Pili, anayeachia jumuiya mali aiandike jumuiya hiyo kwa jina lake kamili lililosajiliwa, pamoja na bodi yake ya wadhamini. Akiandika maneno ya jumla, "wapewe mayatima", asishangae wakitokea mayatima wenye ndevu. Aandike pia kazi anayoikusudia, na aseme mali iende wapi ikiwa jumuiya hiyo imekufa kabla yake.

Tatu, amteue msimamizi na amwambie. Wosia uliofichwa chini ya godoro hupatikana baada ya godoro kuchukuliwa.

Nne, na hili tunalisema kwa sauti, mwanachama yeyote asiiachie tawi la chama mali ya kheri kwa kudhani kuwa chama na mayatima ni kitu kimoja. Mtu aweza kukipenda chama akakiachia anachotaka, na iandikwe hivyo. Lakini fungu la maskini ni la maskini, wawe wa chama chetu au wa chama kinachotutawala. Hatuwezi kuidai Serikali hesabu za tetemeko, na hesabu za wakfu, kisha sisi wenyewe tukachanganya mifuko. Siku tutakapopewa nchi, watu watatupima kwa namna tulivyoshika vidogo.

Tano, wanawake. Mama aliyepata shamba au nyumba kwa urithi au kwa kazi yake ni mwenye mali. Asiogopeshwe na mtoto wa nduguye. Bibi wa Muleba alisimama peke yake mbele ya mahakama tatu, mzee, bila ya chama nyuma yake. Wa kwetu asisimame peke yake.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wazee wa Nshamba waliopewa fedha kidogo kila mwezi hawakuzifanyia makubwa. Waliongeza chumvi, wakanunua sabuni, wakamvisha mtoto viatu akaenda skuli. Mtoto yule leo ni mtu mzima. Na huku kwetu, katika kila mtaa wa Mji na kila kijiji cha Pemba, yuko bibi mwenye wajukuu na yuko mtu mwenye kujaaliwa kidogo, nao hawajuani. Karatasi moja, kalamu moja na mashahidi waaminifu ndiyo daraja baina yao. Tawi ambalo halina mwandishi wa wosia na lichague mmoja katika mkutano wake ujao, na jina lake libandikwe mlangoni.